Shajara ya kiboksi cha ruta: kutoka Katwe hadi maabara

Jumatatu, 3 Machi 2025

Kwa anayeanza kutufuata leo: tunatengeneza kiboksi cha betri kinachokaa kati ya adapta na ruta. Umeme ukikatika, ruta inaendelea kuwaka. Tuko wawili, mimi na mwenzangu wa Goma, katika chumba cha nyuma cha karakana ya vyuma hapa Katwe, Kampala, na mlio wa grainda ndio redio yetu. Viboksi sita vya mwanzo viko kwa watu tangu Januari. Kimoja kiko Kisenyi kwa Hajati, mwenye duka la simu na fotokopi. Risiti zake za EFRIS, mfumo wa mamlaka ya mapato, zinapita mtandaoni, kwa hiyo ruta ikizima, foleni inageuka kikao cha malalamiko.

Leo imefika barua pepe ya maabara ya Nairobi. Tuliwauliza swali tuliloliona jepesi: ruta ina idhini ya UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, adapta yake imekuja na alama zake zote, sisi tunaongeza betri tu hapo katikati, je, bado tunahitaji cheti chetu? Injinia amejibu kwa mistari mitatu. Idhini ya ruta ni ya ruta na adapta iliyopimwa nayo. Mkishaweka kitu katikati, kilichopo mezani hakijawahi kupimwa na mtu. Leteni vyote vitatu, mkiwa mmeviunganisha vile mteja atakavyoviunganisha.

Nilimsomea Hajati kwenye simu, maana ndiye mteja wetu wa kwanza na ulimi wake hauna breki. Akacheka. "Nguo ya kuazima haisitiri matako, mwanangu. Mlitaka kujifunga cheti cha mwenzenu kiunoni?"

Nimeufuta kwenye karatasi ya maelezo ule mstari niliouandika kwa majivuno, "kwa matumizi na vifaa vilivyoidhinishwa". Ulikuwa kweli, na haukumlinda mtu yeyote.

Usiku nimesoma kiwango chenyewe cha kimataifa cha usalama watakachotupimia, IEC 62368-1, kile kilichochukua nafasi ya viwango viwili vya zamani, kimoja cha kompyuta (60950-1) na kingine cha redio na televisheni (60065). Nilichokipenda ni kwamba hakianzi kwa kuuliza kifaa kinaitwaje. Kinauliza nishati iko wapi, inaweza kumuumiza nani, na ni kitu gani kinachomkinga. Umeme wa betri usiozidi volti 60 unahesabiwa kuwa hata mtoto akiugusa haumdhuru. Lakini kwa upande wa moto wanapima wati: hadi 15 ni daraja la kwanza, kutoka hapo hadi 100 ni la pili, zaidi ya hapo la tatu. Adapta ya ruta yetu ni volti 12, ampea 1.5, yaani wati 18. Kwa volti sisi ni kondoo, kwa wati tumeshaanza kuota meno.

Uamuzi mmoja wa leo usio na mjadala: Bluetooth tumeing'oa. Ilikuwa ya kuonyesha chaji kwenye simu, basi. Kifaa kikishakuwa na redio ndani, kinaingia na mlango wa UCC wa idhini ya vifaa vya mawasiliano, na sisi mlango mmoja tu unatutoa jasho. Taa tatu za LED zinatosha.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya aibu. Tangu mwaka jana tumekuwa tukipima kiboksi. Adapta ya mteja hatukuwahi kuipima hata siku moja. Kwetu ilikuwa kama ukuta: unachomeka, mambo yanaenda.

Leo tumeunganisha vyote vitatu, betri ikiwa tupu, watu wawili wakipakua filamu ili ruta ifanye kazi ya kweli. Ruta peke yake inavuta kama ampea 0.8. Saketi yetu ya kuchaji inavuta 1.2. Jumla ni 2, kutoka kwenye adapta iliyoandikwa 1.5. Haikuzima. Hapo ndipo ubaya ulipo, kwa sababu ingezima tungelijua hili zamani. Ilijikaza tu, ikawa inapata moto taratibu. Baada ya saa moja na nusu kipimajoto nilichokibandika juu ya plastiki yake kilisoma nyuzi 84. Kwa plastiki inayoguswa mara moja na kuachwa, kiwango kinaruhusu nyuzi 77. Mwenzangu aliishika ili kuichomoa, akaiachia chini, akatamka neno la Kiswahili cha Goma ambalo siliandiki humu.

Ruta ina cheti, adapta ina cheti. Kiboksi nacho kikipimwa peke yake mezani ni baridi kabisa, mtu angekipa cheti bila kusita. Anayeungua ni adapta, na anayemuunguza ni sisi.

Nimewapigia wote sita: kiboksi kichomolewe, tutawapitia kuvichukua. Mmoja wa Ntinda akaniuliza, "Lakini mbona kinafanya kazi, ssebo?" Sikuwa na jibu fupi.

Jumamosi, 8 Machi

Tumegombana tangu asubuhi, kwa heshima. Mwenzangu anasema: "Yaya, tununue adapta kubwa ya ampea 3, tuiweke ndani ya katoni, mambo yaishe." Mimi nasema adapta ni mlango wa volti 240, na leo volti 240 hazimo mikononi mwetu. Tukiuza adapta, kila kitu kilichomo ndani yake ni dhambi yetu.

Ili tusibishane hewani, tulipanda mjini tukanunua moja ya ampea 3, nzito kidogo mkononi, yenye alama nyingi kuliko jezi ya timu ya mpira. Nikaipasua kwa kisu kwenye mshono. Ubao wa ndani una pande mbili: upande wa umeme mkali wa ukutani, na upande wa volti 12 unaokwenda kwa mteja. Katikati lazima pabaki uwanja mtupu usio na shaba. Kwa volti 250 na kinga ya ngazi mbili, umbali wa kutambaa juu ya ubao unatakiwa uwe angalau milimita 5. Nikaweka rula. Pale karibu na transfoma, tone la risasi ya kulehemu lilikuwa limetambaa mpaka zikabaki milimita 2, pengine pungufu. Unyevu kidogo, mende mmoja akipita vibaya, na waya anaoushika mteja unakuwa waya wa ukutani.

Mwenzangu aliitazama muda mrefu, akaifunga kwa gundi ya karatasi na kuandika juu yake USICHOMEKE.

Kuna adapta nzuri, zenye ripoti ya CB, ile inayotambuliwa na maabara za nchi nyingi. Bei yake inafanya kiboksi kimshinde Hajati. Halafu bado lile swali la kwanza lipo pale pale: kitabu cha ruta kinasema itumike na adapta iliyokuja nayo.

Kwa hiyo tunabana upande wetu. Kiboksi kitapima ruta inavuta kiasi gani, kisha kitajichukulia masalio tu, jumla isipite ampea 1.4. Ruta ikiwa na kazi nyingi, betri inasubiri. Tutapoteza kasi ya kuchaji. Jumanne ningekataa wazo hili, leo naliona ndilo lenye akili.

Jumatano, 12 Machi

Seli. Maabara wanataka kila seli ya lithiamu iwe na ripoti ya IEC 62133-2, kiwango cha usalama wa seli hizo, na jina la mtengenezaji na namba ya modeli vifanane na vilivyomo kwenye orodha yetu ya vipuri muhimu. Ukibadilisha seli baada ya cheti, cheti kimebaki cha kiboksi kingine.

Tulikuwa na seli za 18650 tulizonunua mjini, zimeandikwa 9800 mAh. Sasa, seli ya umbo hilo, milimita 18 kwa 65, zilizo bora kabisa zinabeba kama 3500. Nilijua. Nilijiambia pengine ni chumvi tu ya wauzaji. Leo nikazipeleka kwa sonara wa jirani, yule mwenye mizani ya dhahabu, akazipima moja moja kama anapima pete za harusi. Seli halisi ina gramu 45 na kitu. Zetu: 31, 29, 33. Sonara akazirudisha akisema dhahabu ya aina hii na yeye huletewa kila siku.

Tumeagiza zenye 2500 mAh na ripoti yake. Tatu kwa mfuatano zinatupa kama wati-saa 27, zinazotosha ruta kwa karibu saa mbili na nusu. Kwenye katoni tutaandika saa mbili.

Jumanne, 18 Machi

Nimeitwa Kisenyi baada ya futari. Hajati alikuwa amevumilia wiki nzima bila kiboksi, nami nikampelekea Ijumaa kile chenye programu mpya ya kubana ampea. Kilifanya kazi vizuri. Tatizo lilikuwa mpwa wake. Aliona tundu la kiboksi na plagi ya simu ya mezani ya duka vinalingana, duara la milimita 5.5, akachomeka. Simu ile ni ya volti 9. Sisi tunatoa 12. Ilitoa harufu kabla haijatoa moshi, na sasa ni kizuizi cha karatasi.

"Plagi si imeingia?" mpwa akasema. Ana haki. Umbo la plagi halisemi volti. Nimeshaona 5, 9 na 12 zikitumia tundu lile lile, na kuna zenye ncha ya kati hasi badala ya chanya.

Nimelipa simu. Hajati alikataa pesa mara mbili, ya tatu akapokea, akanikatia sambusa za kubeba.

Nilichojifunza pale kimebadilisha karatasi zetu zaidi ya kipimo chochote. Tulikuwa tunaandika tutauza "kwa ruta zote". Hakuna ruta zote. Tutaorodhesha modeli nne tulizozipima wenyewe, kwa majina, zote za volti 12, na kibandiko kitasema hivyo juu ya kiboksi chenyewe, siyo ndani ya kitabu ambacho hakuna atakayekifungua. Waya wa kutokea hautakuwa na tundu tena: utatoka ndani ukiwa na plagi yake, mfupi, ufike kwenye ruta iliyowekwa juu au kando na usifike kwa simu ya jirani. Mpwa ndiye aliyetoa wazo la ufupi. Nimemwambia tutamwajiri.

Ijumaa, 21 Machi

Maganda ya nje tuliyachapisha kwa printa ya 3D, plastiki ya PLA, rangi ya kijani. Watu waliyapenda. Kiwango kinataka ganda la plastiki likae kwenye joto la nyuzi 70 kwa saa 7, kisha lisiwe limejikunja hadi kuacha mwanya. Tanuri la maabara hatuna. Mwoka mikate wa barabara ya juu ana dogo la umeme analopumzisha mchana wakati huu wa Ramadhani, akatuazima, akiweka sharti tusiache harufu.

Saa nne asubuhi tukaingiza maganda matatu yakiwa matupu. Saa tano na nusu tukachungulia. Moja lilikuwa limelala ubavu kama chapati iliyokosa unga, mengine mawili yameinama mbele kama yanasujudu. PLA huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, imeandikwa kila mahali, na mimi nilikuwa nimesoma. Zaidi ya hapo hatukuwa na hati yoyote kuhusu plastiki ile ikishika moto itafanyaje. Wenye viwango wanataka plastiki ya daraja kama V-0, ambayo ukiiondolea moto inajizima ndani ya sekunde kumi. Kufinyanga kalibu ya plastiki hiyo kwa viboksi mia mbili ni kujenga nyumba ili upate mlango.

Tulirudi na maganda yetu yaliyosujudu tukipita katikati ya mafundi thelathini wanaokunja bati usiku na mchana. Ilibidi mwenzangu anisimamishe na kunionyesha kwa kidole.

Jumanne, 1 Aprili

Leo UEDCL, kampuni ya serikali, imechukua usambazaji wa umeme baada ya mkataba wa miaka 20 wa kampuni iitwayo Umeme kuisha jana. Wateja watatu wamepiga simu kuuliza kama kiboksi bado kitahitajika. Hatukusitisha mradi.

Jumatatu, 7 Aprili

Ganda la bati limekamilika, na fundi wa mlango wa pili alichukua siku mbili tu. Halichomi, halilegei, limeanguka kutoka kwenye meza mara tatu likabonyea pembe moja. Ila bati lina maneno yake. Kwanza kingo: fundi alizikata kwa mkasi, na jaribio la kwanza la usalama lilifanywa na kidole changu cha shahada. Sasa anazikunja ndani kabla ya kupaka rangi. Pili, joto. Plastiki ya nyuzi 77 mkono unaivumilia kwa mguso mmoja, chuma cha nyuzi hizo kinaacha alama, kwa hiyo kiwango kinaruhusu chuma kifike 60 tu. Bati letu, betri ikijaa huku ruta inafanya kazi: 46.

Halafu nikakumbuka jinsi kiboksi kinavyoishi kwa Hajati. Kiko chini, ruta imekaa juu yake, na juu ya vyote kuna kitambaa cha kufuma cha rangi ya waridi chenye shada pembeni, ili vumbi lisiingie. Nikamwomba kitambaa. Tukakifunika kiboksi na ruta vile vile anavyofanya, kikakunjwa mara mbili. Ndani ya saa moja kipimajoto cha seli kiligonga 45, na programu ikasimamisha kuchaji yenyewe, taa ya kati ikaanza kupepesa. Ruta haikuzima. Bati lilifika 54. Mwenzangu alishangilia kuliko siku tuliyopata mteja wa kwanza. Mimi pia, nakiri.

Kitambaa kimerudishwa kikiwa kimefuliwa.

Jumatano, 16 Aprili

Sampuli tano ziko tayari, pamoja na ruta mbili na adapta zake. Wakala wa mizigo wa Entebbe alikataa kabla sijamaliza sentensi. Kiboksi kinachobeba betri kwa ajili ya kulisha kifaa kingine kinahesabiwa kuwa betri inayosafiri peke yake, namba UN 3480, na tangu Aprili 2016 mzigo wa namba hiyo haupandi ndege ya abiria. Ndege ya mizigo inawezekana, chaji isizidi asilimia 30, na ripoti ya UN 38.3 iwepo: mtikisiko, shinikizo la hewa ya juu, kugongwa, saketi fupi na mengineyo. Seli zetu zinayo. Kiboksi kizima hakinayo, na hilo ni deni litakalotudai siku tukitaka kuuza kwa ndege.

Mwenzangu atazipeleka mwenyewe kwa barabara, kupitia Busia.

Jumanne, 13 Mei

Ripoti ya awali imefika, kurasa 61. Nimeanza na ya mwisho kama kila mtu.

Saketi fupi kwenye waya wa kutokea: fyuzi imekata, hakuna moto, ile shashi waliyoizungushia kiboksi haikuungua hata uzi. Kinga ya kwanza ya kuchaji ilipozimwa makusudi, ya pili ilishika. Adapta pamoja na kiboksi na ruta, betri tupu, nyuzi 63. Nilisoma mstari huo mara tatu.

Mawili yameanguka. Kitabu cha maelezo hakisemi mteja afanye nini taa ya kati ikipepesa. Haki yao. La pili ni kibandiko. Wanakisugua kwa kitambaa chenye maji sekunde 15, kisha chenye spiriti ya petroli sekunde 15. Baada ya hapo maandishi lazima yasomeke. Yetu, picha imo kwenye ripoti: wingu la buluu, na chini yake neno "pekee" limebaki peke yake.

Tukipata ripoti safi, ndiyo tutakayokwenda nayo Bweyogerere kuomba alama ya ubora ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda. Kwa hiyo kilichobaki kati yetu na mlango ule ni wino.

Alhamisi, 15 Mei

Nasser Road, mtaa wa wachapaji. Nilimweleza kijana wa mashine ya vibandiko kwamba nataka kitu kisichotoka hata kwa petroli. Akanitazama kama nimemtukana, akanionyesha kibandiko cha poliesta cha fedha, akakimwagia petroli ya boda mwenyewe na kukisugua mpaka mkono ukachoka. Herufi zikakaa. Nikaagiza mia mbili papo hapo na kulipa zote.

Jioni karakanani tukafanya jaribio letu, mwenzangu akihesabu kwa sauti. Maji, sekunde 15. Petroli, sekunde 15. Nikaongeza 15 nyingine za ukorofi. Hakuna herufi iliyotikisika. Nikakiinua kwenye taa ili nikipige picha ya shajara hii, na mwenzangu akakisoma polepole begani kwangu:

"Kwa ruta za volti 21 pekee."

Kesho saa tatu asubuhi niko Nasser Road tena.